Bloa ya mgongoni imegoma kuwaka: cheche ipo, petroli ipo, pumzi ipo. Kinakosekana nini?

#1 Mzabibu_Mpunguzi
Mbukwenyi wanajukwaa. Nina bloa ya mgongoni ambayo ninaitumia kupulizia salfa kwenye zabibu, ekari moja na nusu, huku Mpunguzi. Injini yake ni ya petroli ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wetu wanaiita tu-stroku. Jina la kiwanda limekwishafutika, na kilichobaki kwenye kibati ni maandishi 1E40F. Msimu uliopita ilifanya kazi bila matatizo, kisha nikaiweka stoo juu ya magunia ya mtama ikiwa na petroli kiasi katika tangi, ikakaa humo karibu miezi mitano. Sasa mizabibu imepogolewa, machipukizi yameanza kutoka, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haumsubiri mtu. Nimevuta kamba tangu asubuhi hadi bega likauma. Nimetoa plagi, nikaigusisha kwenye silinda na kuvuta, nikaona cheche. Nikiziba tundu la plagi kwa kidole gumba, pumzi inakisukuma. Kwa hesabu yangu injini yenye vitu hivyo vitatu haina sababu ya kugoma. Naombeni maelezo.

#2 Fundi_Sabasaba
Ndugu, jibu kwanza swali moja. Ukivuta kamba mara kumi kisha ukatoa plagi, inatoka kavu au imelowa? Ikiwa kavu, petroli haifiki kwenye silinda, na tutatafuta kwenye tangi, chujio na kabureta. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini haichomwi, na safari yetu itaelekea upande mwingine kabisa. Bila jibu hilo tutajaza kurasa tano kwa kubahatisha.

#3 Korosho_Newala
Salamu kutoka kusini. Huku kwetu bloa ni kama jembe, kwa sababu ubwiriunga wa mikorosho nao hupuliziwa salfa, na kila msimu unapoanza mafundi hujaa mashine zenye ugonjwa huo huo anaouelezea mtoa mada. Kosa limo katika sentensi yake mwenyewe: aliacha petroli ndani ya tangi miezi mitano. Petroli ikikaa hupoteza ile sehemu nyepesi inayogeuka mvuke haraka, na hiyo ndiyo inayowasha injini iliyo baridi. Kinachobaki ni kizito, na kikikauka ndani ya kabureta huacha utando wa kahawia unaonata kama ulimbo. Mwaga yote, nusa kwanza. Ikitoa harufu ya vanishi, umepata jibu. Kisha fungua kabureta uisafishe, na jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, usiichokonoe kwa sindano ya cherehani, kwa maana ukipanua tundu lake hata kidogo mashine haitakaa sawa tena. Mimi hutumia unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme.

#4 Mzabibu_Mpunguzi
Nashukuru. Fundi, plagi inatoka imelowa na ncha yake ni nyeusi. Ndugu wa Newala, harufu kweli ilikuwa ya vanishi. Nimemwaga, nimeweka petroli mpya ya leo, na bado haiwaki.

#5 Mwalimu_Singida
Plagi iliyolowa na kuwa nyeusi ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Tusisahau kwamba Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na kidogo, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa hewa ya usawa wa bahari itamimina petroli kupita kiasi. Nashauri skrubu ya kabureta ipunguzwe.

#6 Msumeno_Mafinga
Mwalimu, kwa heshima zote, mimi ninapasua magogo kwa msumeno wa injini ya mipigo miwili kwenye misitu ya Sao Hill, ambako ni juu kuliko Dodoma na asubuhi kuna baridi ya kukausha midomo, na msumeno huwaka kwa mvuto wa tatu. Zaidi ya hapo, mtoa mada amesema msimu uliopita mashine iliwaka palepale Mpunguzi. Sijasikia kwamba Mpunguzi imepanda tangu wakati huo. Au watani zangu Wagogo mmehamisha mlima bila kutuarifu sisi Wahehe?

#7 Mwalimu_Singida
Nakubali kwamba mwinuko peke yake hautoshi. Sikusema ni sababu pekee.

#8 Fundi_Sabasaba
Hapo kwenye #5 nawaomba msiguse skrubu hiyo. Nusu ya kabureta zinazoletwa kwangu zimeharibiwa na mtu aliyezungusha skrubu kabla ya kujua tatizo, na wengi hawakuhesabu walizungusha mara ngapi.

Mtoa mada, silinda yako imefurika. Ulivuta kamba ukiwa umefunga choki, ile klepe inayopunguza hewa wakati wa kuwasha, petroli ikaingia bila kuchomwa, na sasa plagi inaogelea. Fungua choki kabisa, toa plagi, zima swichi, ilaze mashine hadi tundu la plagi litazame chini, kisha vuta kamba mara kumi na tano ili petroli imwagike. Iache wazi dakika 20. Plagi isugue kwa brashi ya waya, pima nafasi ya ncha zake, iwe kati ya milimita 0.6 na 0.7, irudishe, na uvute bila choki. Fanya hivyo mbali na jiko na mbali na gunia la salfa, kwa sababu unga wa salfa nao unashika moto.

#9 Babu_wa_Vespa
Wajukuu, mbona hakuna aliyeuliza habari ya oili? Injini ya namna hii haina oili chini kama ya gari. Inalainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli, na kipimo kikikosewa balaa zote zinaanzia hapo. Umechanganya vipi, mwanangu?

#10 Mzabibu_Mpunguzi
Shikamoo babu. Huwa ninatumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, kisha ninaweka oili kwa kifuniko cha chupa ya soda, vifuniko kama ishirini hivi, kwa kukadiria. Safari hii oili ya tu-stroku ilikuwa imekwisha dukani, nikatumia ile ya gari.

#11 Babu_wa_Vespa
Marahaba. Basi tumefika nyumbani. Lita moja na nusu kwa kipimo cha 25 kwa 1, yaani petroli 25 kwa oili moja, inataka mililita 60 tu. Kifuniko cha soda kinabeba mililita tano au sita, kwa hiyo wewe umeweka mara mbili ya kipimo, tena oili isiyohusika. Oili ya gari haikutengenezwa ichomwe. Ikichomwa inaacha majivu na masizi juu ya plagi, na cheche inapita kwenye masizi badala ya kuruka. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20. Kwa lita moja ya petroli, vuta mara mbili, umemaliza hesabu. Vespa yangu nilikuwa nikiipimia hivyo kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

#12 Chenene_Agro
Babu, mashine nyingine zimeandikwa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita. Ukimwambia kila mtu 25 kwa 1 utawafusha moshi mtaa mzima.

#13 Babu_wa_Vespa
Moshi hauui injini, mjukuu. Ukavu ndio unaoua.

#14 Bahi_Road
Mimi niliwahi kutumia oili chafu ya gari niliyoichuja kwa kitambaa, kwenye jenereta ndogo ya tu-stroku, ile ya kuwasha taa na redio. Ilikwenda wiki tatu. Fundi alipoifungua alikuta ringi zimeganda kwenye mifereji ya pistoni kama zimechomelewa, na pistoni ina mikwaruzo unayoweza kuihesabu kwa ukucha. Kwa hiyo namuunga mkono babu, na ninamuuliza mtoa mada: pumzi unayoihisi kwenye kidole inatosha kweli? Kidole husukumwa hata na pumzi dhaifu.

#15 Msumeno_Mafinga
Sisi hupima kwa kuninginiza. Shika msumeno kwa mpini wa kamba, uuache uning'inie. Ukishuka kwa vipande, ukisitasita kila pistoni inapobana, kompresheni, yaani pumzi, ipo. Ukishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi zimekwisha.

#16 Fundi_Sabasaba
Msumeno una kilo tano au sita. Bloa ina zaidi ya kumi, na kamba yake ina umri. Ukifuata ushauri huo utakuja kwangu na kazi mbili badala ya moja, na ya pili itakuwa kidole cha mguu.

#17 Mtumba_Mpya
Mnahangaika na mashine wakati ugonjwa uko kwenye kituo cha mafuta. Siku hizi petroli inachanganywa mafuta ya taa ili wenye vituo wapate faida. Mafuta ya taa hayashiki cheche kirahisi, plagi inalowa, injini inagoma. Mbona hilo hamlisemi?

#18 Mpima_Lita
Uchakachuaji ulikuwepo, lakini tuseme yote. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kuyatambulisha, katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isiwe chini sana ya petroli na dizeli. Faida ya kuchanganya ilikuwa katika tofauti hiyo ya bei. Sisemi kwamba wajanja wamekwisha. Nasema kwamba kabla ya kulaumu kituo, mtoa mada amimine petroli yake katika chupa nyeupe, aiache itulie nusu saa, atazame chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama duara linalotembea ukiinamisha chupa. Maji katika galoni la nyumbani nimeyakuta mara nyingi kuliko mafuta ya taa.

#19 Mtumba_Mpya
Inaonekana kuna mtu ana kituo cha mafuta humu.

#20 Mpima_Lita
Nina galoni mbili na bodaboda moja, mkuu.

#21 Manyoni_Korosho
Hakuna aliyeuliza juu ya magunia ya mtama, na mimi ndiyo yaliyonishtua. Penye mtama pana panya. Bloa yangu ililala stoo namna hiyo hiyo hapa Manyoni. Nilipofungua kava la feni nikakuta kiota cha majani na vipande vya gunia, na waya mwembamba unaotoka kwenye koili, kile kinachozalisha umeme wa cheche, kwenda kwenye swichi ya kuzimia umetafunwa hadi shaba inaonekana. Shaba hiyo ikigusa bodi ya injini ni sawasawa na kuwa umezima swichi. Ilikuwa inatoa cheche nikiishika hivi, ikiinamishwa haitoi. Chomoa waya huo kwenye koili, jaribu kuwasha. Ikiwaka hivyo, usishangae kwamba swichi haiizimi. Izime kwa kufunga choki.

Jambo la pili, chungulia ekzosi. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda bomba la upana ule.

#22 Mzabibu_Mpunguzi
Nimerudi na habari. Petroli katika chupa nyeupe haina maji. Waya wa swichi ni mzima, ingawa mavi ya panya yapo. Lakini kuhusu ekzosi, Manyoni_Korosho, nimechungulia kwa tochi nikaona ukuta wa udongo. Nimeugonga kwa spoku ya baiskeli, ukatoka kama bumunda lililokauka, na ndani yake buibui wadogo waliolala bila kuoza, watano au sita, wa kijani. Nyigu alikuwa amejenga chumba kamili. Nimekung'uta, nimepuliza kwa pampu ya baiskeli, nikawa na matumaini makubwa. Nimevuta kamba: kimya.

#23 Manyoni_Korosho
Bila shaka udongo mwingine umebaki ndani, kwenye wavu ulio mdomoni mwa ekzosi. Injini hii husafisha silinda kwa kusukumana: hewa mpya ikiingia, moshi wa zamani utoke. Njia ya kutokea ikizibwa, mpya haina pa kuingia, na petroli inabaki inalowesha plagi. Vua ekzosi yote, ujaribu bila ekzosi kwa sekunde chache.

#24 Chenene_Agro
Uliiona hiyo cheche wapi na saa ngapi, mtoa mada? Nauliza kwa sababu jua letu la saa sita mchana ni kali. Cheche hafifu ya rangi ya chungwa mtu haioni kabisa, na cheche nzuri ya buluu anaiona kwa shida. Jaribu jioni ndani ya nyumba. Halafu kumbuka kwamba kuruka milimita 0.6 katika hewa ya nje ni kazi nyepesi, lakini ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi. Koili iliyochoka inatoa cheche nje na kugoma ndani.

#25 Mzabibu_Mpunguzi
Jioni hii nimejaribu gizani. Ipo, ya buluu inayoelekea zambarau, lakini haitoki kila mvuto. Mara mbili kati ya tano haikuja.

#26 Chenene_Agro
Koili. Au nafasi kati ya koili na flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku, imeongezeka. Legeza skrubu mbili za koili, weka kadi ya biashara katikati, sumaku ivute koili ibane kadi, kaza, chomoa kadi. Utapata milimita 0.3 bila kununua kipimo. Usisahau kufuta kutu kwenye sumaku. Stoo ya msimu wa mvua huacha kutu.

#27 Fundi_Sabasaba
Kabla ya koili, plagi mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyovitaja, na plagi iliyokunywa oili ya gari mara nyingi hairudi katika hali yake hata ukiisugua.

#28 Mzabibu_Mpunguzi
Nimenunua plagi mpya, nimechanganya petroli kwa bomba la sindano kama babu alivyoagiza, nimepanga koili kwa kadi. Nikadondosha petroli kidogo, nusu ya kijiko cha chai, ndani ya tundu la plagi, nikafunga na kuvuta. Iliwaka sekunde mbili ikazima! Nikarudia, ikawaka tena, ikazima. Mara ya tatu haikuwaka, bali kamba ilininyang'anya mpini na kurudi kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Hilo limetokea mara mbili sasa.

#29 Korosho_Newala
Kuwaka kwa petroli ya kudondosha na kuzima inapokwisha maana yake ni moja: kabureta haileti. Narudi kwenye #3. Hukuniambia kama uliifungua.

#30 Dereva_Kondoa
Simkatalii mwenzangu wa Newala, lakini kamba inayorudi mkononi ni dalili ya flaiwili. Kuna kipande kidogo cha chuma, kii, kinachoishikilia flaiwili mahali pake kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kikikatika nusu, flaiwili inajizungusha kidogo, cheche inakuja mapema, pistoni inapigwa kabla haijafika juu, na kamba inarudi. Injini za mipigo miwili zina ajabu yake: cheche ikikosea wakati, inaweza hata kuwaka na kuzunguka kinyumenyume. Mashine iliwahi kuanguka?

#31 Mzabibu_Mpunguzi
Kabureta nimeifungua juu juu tu. Kuhusu kuanguka, kijana aliniambia ilianguka kutoka kwenye magunia siku waliyochota mtama, lakini mwenzake anasema ilishushwa.

#32 Fundi_Sabasaba
Kamba hurudi pia mtu akivuta polepole kwa mkono uliochoka. Tusimhukumu kii kwa ushahidi huo mmoja.

#33 Mwalimu_Singida
Naomba kuongeza jambo ambalo halijaguswa. Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndiye aliyetumia chumba cha krenki kama pampu ya kuvuta na kusukuma mchanganyiko wa hewa na petroli, na bloa hii inafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo chumba cha krenki, kama silinda, lazima kisivujishe hewa. Sili za krenki, yaani mipira ya kuzuia hewa isivuje, zikikauka baada ya miezi mitano bila kazi, zinavuta hewa ya nje, mvuto kwenye kabureta unapungua, na injini inawaka kwa petroli ya kudondosha tu. Kidole kwenye tundu la plagi hakiwezi kugundua hilo, kwa sababu kinapima juu ya pistoni, si chini yake.

#34 Msumeno_Mafinga
Sasa hapo mwalimu amenena. Mlima nimemsamehe.

#35 Fundi_Sabasaba
Hoja ni nzuri, ila sili ikivuja plagi hutoka kavu, na yeye alisema tangu #4 kwamba imelowa.

#36 Mwalimu_Singida
Alisema hivyo kabla ya plagi mpya, mchanganyiko mpya na nyigu. Leo ni kavu au imelowa?

#37 Mzabibu_Mpunguzi
Leo ni kavu.

#38 Korosho_Newala
Jeti!

#39 Mzabibu_Mpunguzi
Ndugu zangu, jana sikulala mapema. Nimefungua kabureta yote mezani juu ya gazeti. Kiwambo cha mpira kinachosukuma petroli kilikuwa kigumu, kimejikunja pembeni kama jani la muhogo juani, na tundu moja lilikuwa na ule ulimbo wa kahawia. Nimesafisha, nimenunua kiwambo kipya. Kwa kuwa nilikuwa nimekwishafungua, nikavua flaiwili pia: kii ina alama ya kuminywa lakini haijakatika, nikaweka nyingine. Nikavua ekzosi, nikakuta udongo zaidi kwenye wavu, nikautoa. Asubuhi imewaka kwa mvuto wa nne. Nimepulizia mistari sita kabla ya upepo kuanza, kisha ikazima yenyewe ikiwa ya moto, ikakataa kuwaka hadi ilipopoa kama dakika 20, ikawaka tena, ikazima tena.

#40 Manyoni_Korosho
Hongera. Kilichoiwasha ni kutoa udongo wa wavuni.

#41 Korosho_Newala
Kilichoiwasha ni kiwambo na ulimbo.

#42 Dereva_Kondoa
Kii yenye alama ya kuminywa ilikuwa inaruhusu flaiwili kucheza. Mimi ninasimama hapo hapo.

#43 Babu_wa_Vespa
Mmeisahau oili.

#44 Chenene_Agro
Waacheni wagawane sifa. Mashine inayozima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa ni koili. Waya wa ndani hupasuka kwa joto na kurudiana ukipoa. Ikizima tena, toa plagi papo hapo ikiwa ya moto, ujaribu cheche kivulini. Usisubiri ipoe, maana ikipoa ushahidi umepotea.

#45 Mwalimu_Singida
Au sili, ambayo huenda ikavuja zaidi mashine ikiwa ya moto.

#46 Fundi_Sabasaba
Au kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa kadiri petroli inavyopungua, na unga wa salfa unalipenda tundu hilo. Likizibwa, petroli inashindwa kushuka, injini inazima, na katika zile dakika 20 hewa inajipenyeza polepole hadi inawaka tena. Watu wanadhani imepona kwa kupoa. Ikizima, legeza kifuniko usikilize.

#47 Mzabibu_Mpunguzi
Fundi, mara moja nilipofungua kifuniko kuongeza petroli nilisikia kama mtu anavuta pumzi, lakini sikumbuki ilikuwa baada ya kuzima kwa kwanza au kwa pili. Cheche ikiwa ya moto sikuijaribu. Imebaki mistari kumi na minne. Kesho saa kumi na mbili kabla ya upepo nitakuwa shambani na plagi ya akiba, spana na kadi ya biashara mfukoni, nami nitaanza na kifuniko.